Takataka ya Bwana Hasani

Ehe! Nani hapa amekula mkate leo asubuhi? Inueni mikono, msiogope. Wewe? Na wewe uliyejificha nyuma ya mwenzako? Basi nyote mmekula nailoni. Mkate wenu wa siku hizi ukiubana unakuwa kama peremende, ukiuachia unarudi kama mpira. Wangu wa zamani ulikuwa ukiuangusha sakafuni, sakafu ndiyo inaomba msamaha.

Mimi ni Wafula. Kwetu ni upande wa Kenya, pale karibu na mpaka, lakini nilivuka kijana kutafuta kazi Jinja, na Jinja ikanimeza mzimamzima. Shule sikuingia. Nilipita tu dirishani siku moja, mwalimu akanitazama, na mimi nikamtazama, tukaelewana kwamba haitawezekana. Kazi niliyoijua ni kuoka mikate kwenye tanuri ya kuni. Nimeoka mpaka nikipiga chafya unatoka unga. Mke wangu akiishiwa unga wa chapati, alikuwa ananinusisha pilipili.

Sasa nyinyi vijana mnaojifunza kuoka hapa Bugembe, naona mnakata pakiti ya hamira, mnamwaga, mnaondoka kwenda kutazama simu. Sawa. Sisi hatukuwa na pakiti. Sisi tulikuwa na Mama.

Mama ni chachu, yaani unga wa jana. Ukimaliza kukanda, kabla hujachoma chochote, unakata donge kama ngumi, unalifunga kwa kitambaa cha maji, unalilaza ndani ya chungu. Kesho unaliamsha kwa maji ya uvuguvugu na unga mpya, linakula, linapumua, na linawainua wenzake wote. Halafu unakata tena, unalaza tena. Kwa hiyo mkate wa leo ni mtoto wa mkate wa jana, na wa jana ni mtoto wa juzi, ukifuata hivyo hivyo kwa nyuma unafika kwenye safina ya Nuhu, unamkuta mke wake anakanda huku twiga anamchungulia begani.

Na Mama alikuwa anapumua, wallahi. Ukitega sikio juu ya chungu unasikia puf, puf, kama mtoto aliyelala titi likiwa bado mdomoni. Nilikuwa nasimama pale saa za mchana, joto la tanuri mgongoni, vumbi la unga linaelea kwenye mwanga wa dirisha polepole kama ukungu wa mto Naili asubuhi, nasikia ile puf, puf, mpaka macho yananifunga nikiwa wima. Mpaka leo nikitaka usingizi huwa nakumbuka ile sauti. Dawa ya hospitali haifiki hapo.

Wenye tanuri walikuwa wawili. Bwana Yorgo, Mgiriki, na Bwana Hasani, Mturuki. Sisi wafanyakazi hatukujua tofauti, wote tuliwaita Wagiriki, wote walikuwa na masharubu ambayo ungeweza kuanikia samaki wa Masese. Walitoka kisiwa kimoja, Saiprasi, tena kijiji kimoja, kisima kimoja. Yorgo alituambia kwao msikiti na kanisa vilikaribiana hata mwadhini akikohoa, padri anasema pole.

Na kijiji kizima kilikuwa na chachu moja. Inatembea nyumba kwa nyumba. Leo iko kwa mama wa Kigiriki, anaifunika kwa jani la rehani, lile linalonukia, na kupiga ishara ya msalaba. Kesho iko kwa mama wa Kituruki, anaisomea Bismillahi. Chachu yenyewe haikuuliza dini ya mtu, ilikuwa inavimba tu. Na walikuwa na sheria yao. Mwenye chachu akiombwa, hakatai. Akikataa, ya kwake inakufa kabla jua halijazama. Na anayepewa hasemi asante. Anarudisha donge la unga wake ulioumuka, yamekwisha.

Walipokuja Uganda kutafuta maisha, waliikausha ikawa makombo, wakaishona ndani ya koti la Hasani. Hasani alisema njiani koti lilikuwa linanenepa kila mvua ikinyesha.

Mimi walinifundisha wote wawili. Yorgo alinifundisha moto. Tupa unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri: ukiwa mweusi papo hapo, funga mlango uimbe kwanza, ukibaki mweupe, ongeza kuni za kalitusi, ukigeuka rangi ya simba, ingiza. Hasani alinifundisha mikono. Alikuwa anasema, "Wafula, shika sikio yako, hapa chini, penye laini. Unga ikiwa hivyo, tosha." Wiki ya kwanza nililala na masikio yamevimba. Na mkate ukitoka, ugonge chini kama mtu anayebisha hodi. Ukijibu kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri, umeiva.

Nilipoanza waliniambia nimweke Mama mahali pa joto. Nikamweka juu kabisa ya tanuri, nikaenda kula. Niliporudi, alikuwa ameinua kifuniko, ametoka, ametembea juu ya rafu, amemwangukia paka aliyekuwa amelala. Paka alikuwa mweusi. Alitoka mlangoni mweupe, anakimbia kuelekea kituo cha treni. Paka weupe wote mnaowaona Jinja ni wajukuu wake.

Ijumaa Hasani anakwenda msikitini, Yorgo analinda moto. Jumapili Yorgo, kwa sababu kanisa la kwao halikuwepo Jinja, anafungua mlango wa tanuri anaimba sala zake humo ndani, sauti inarudi nzito kama ya malaika mwenye mafua, na Hasani anakanda polepole ili asimharibie. Idi tunakula wote. Pasaka tunakula wote. Mimi sikujua kwamba hiyo ni ajabu. Nilifikiri dunia yote iko hivyo.

Basi, ukaja ule mwaka Mkubwa wa nchi aliposema Wahindi waondoke. Mji ukawa kama mtu anaota. Unapita mtaani unakuta duka limefungwa, pazia bado linapepea, mbwa amekaa getini anangoja watu walio kwenye ndege. Maduka wakapewa watu wapya, tukawaita mafuta mingi, kwa jinsi walivyonenepa ghafla. Mmoja wao alipata kiwanda cha mkate cha umeme, ng'ambo ya barabara yetu, mashine zinang'aa kama meno. Lakini hamira ya kopo ilikuwa imetoweka nchini, pamoja na sukari, chumvi na sabuni. Mashine zikangoja hamira mpaka kuku wakatagia ndani.

Sisi tulikuwa na Mama. Kwa hiyo mkate wa kambi ya jeshi ulitoka kwetu, na kwa sababu ya huo mkate wale wazee wawili waliachwa bila kuguswa. Aliyekuja kuuchukua kila asubuhi alikuwa sajenti mmoja mrefu, ambaye mchana alikuwa anasimamia kizuizi cha barabara hapa hapa Bugembe. Jina lake halisi hatukulijua. Tulimwita Simama-Hapo, kwa kuwa ndiyo salamu yake, ndiyo kwaheri yake.

Halafu redio ikasema kuna vita kisiwani kwao, Wagiriki na Waturuki.

Siku ya kwanza walisikiliza pamoja, vichwa vimegusana juu ya ile redio kama watu wanaopuliza moto mmoja. Siku ya pili Yorgo akasema neno. Lugha yao siijui, lakini nilijua ni neno gani, maana niliona lilipompiga Hasani. Hasani akarudisha la kwake. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa huko! Risasi zinalia ng'ambo ya bahari, zinakuja kuangukia Jinja, kwenye beseni letu la unga.

Wakagawana. Makarai huku na huku. Magunia huku na huku. Meza ya kukandia ilikuwa moja, ya mvule, nzito kama dhambi. Wakaikata kwa msumeno katikati, kila mmoja akabaki na meza ya miguu miwili ambayo lazima iegemee ukuta. Nilicheka, nikatazamwa, nikaacha kucheka. Tanuri haikukatika, akabaki nayo Yorgo. Hasani alikuwa na rafiki wa msikitini kule Mbale mwenye tanuri iliyolala baridi.

Mwisho akatolewa Mama. Yorgo akashika kisu. Akakata. Hasani akachukua nusu yake, akaiweka ndani ya lile lile koti la zamani, akapanda lori bila kugeuka.

Mimi nilifikiri kesho nitamkuta Mama amekonda. Nafunua chungu asubuhi, mkubwa kama jana! Na wa Mbale, nilikuja kusikia, vile vile, mkubwa kama jana. Nikawaza, haya, meza iliyokatwa imekuwa vilema wawili, na huyu aliyekatwa amekuwa wazima wawili. Lakini mimi sikusoma, nikanyamaza.

Sasa sikilizeni hapa.

Alhamisi moja Simama-Hapo akaingia na askari wawili. Kapteni wake anaoa Jumamosi. Anataka mikate ya harusi, laini, iliyovimba, ya kujaza meza zote. Na leo anataka kila kitu kiokwe, asiachwe askari na njaa. Akazunguka, akatia pua kila pembe, mpaka kwenye chungu.

"Hii iko nini hapa imelala?"

"Mama, afande," nikasema.

"Mama ya nani?"

"Mama ya mkate, afande."

"Wewe unaficha unga ndani ya maji! Hii magendo! Choma yote!"

Yorgo akasimama mbele ya chungu, amenyoosha mikono kama anazuia ng'ombe. "Afande, hapana. Hii choma, kesho hakuna mkate."

"Kesho iko ya Mungu. Choma!" Na bunduki ikamtazama Yorgo tumboni.

Nikamchukua Mama mimi mwenyewe, nikamwingiza motoni. Na yule bwana alisimama pale mpaka kila chembe ya unga uliokandwa imeingia, hata uliokuwa ndani ya kucha zangu alitaka niuoke. Mama akatoka amevimba, amekuwa rangi ya simba, ananukia mpaka watu wa Kimaka walitoka nje kuuliza nani anaoa. Simama-Hapo akamla kwa chai. Alikula vizazi vyote tangu safina, akajipangusa mdomo.

Akiwa mlangoni akageuka. "Mzee, Jumamosi mkate isipovimba, utaingia buti ya gari."

Nyinyi hamjui maneno hayo. Sisi tulijua. Mtu akiingia kwenye buti ya gari siku zile, mkewe anaanza kuvaa nguo za matanga.

Na chachu mpya, vijana, haianzishwi kwa siku mbili. Unachanganya unga na maji, unangoja wiki na zaidi, inanuka vibaya kwanza, halafu inanuka vizuri, ndipo inapata nguvu. Mchana ule tulijaribu bila kitu: zikatoka vigae, ungeweza kuezekea nyumba. Nikakimbia kutafuta malwa, pombe ile ya ulezi, nikatia machicha yake. Unga ukainuka, ukayumba, ukaegemea karai, ukalala. Mlevi kabisa.

Yorgo akaketi juu ya gunia. Masharubu yameshuka kama nguo zilizonyeshewa. Halafu akasema, anatazama ukuta pale palipokuwa na nusu nyingine ya meza, "Wafula. Mbale kuna Mama."

"Nikamwombe Bwana Hasani?"

"Usiseme Yorgo anaomba."

"Nisemeje?"

"Sema..." Akafikiri. "Wewe iko mtu ya uongo mingi. Utapata."

Ijumaa alfajiri nilipanda lori la samaki wakavu kutoka Masese. Nililala juu ya magunia ya samaki, mbingu inapita juu yangu kama shuka inayovutwa. Kulikuwa na umande, miwa pande zote inanong'ona. Iganga ilipita nikiwa nusu usingizini. Tororo niliona lile jiwe kubwa limesimama peke yake kama mkate uliosahauliwa mezani. Halafu mlima wa Mbale ukatokea, Wanale, maporomoko yake yanashuka membamba kama maziwa kwenye ndevu za mzee. Nikaota kwamba mlima wenyewe ni unga umeumuka, na Mungu ameufunika kwa kitambaa cha ukungu, anangoja tanuri ipate moto. Nilipoamka mama mmoja mwenye samaki alikuwa ameweka miguu yake juu ya kifua changu. "Samahani, baba," akasema, "nilifikiri wewe ni gunia."

Nikamkuta Hasani peke yake. Ile nusu ya meza imeegemea ukuta, vile vile kama yetu. Amekonda, lakini masharubu bado yapo.

"Mtu wake amekuja," akaiambia hewa, si mimi.

"Nimekuja kusalimu, bwana."

"Umenuka samaki. Salamu gani hiyo."

Uongo wote niliopanga njiani ukanitoka kichwani. Nikamwambia ukweli, na mnajua ni kazi gani kwangu. Nikamwambia Mama ameokwa. Alipiga kicheko kimoja, kikakatika katikati. Nikamwambia habari ya Kapteni na harusi, na buti ya gari. Akaendelea kupangusa meza ambayo ilikuwa safi.

"Ndugu zangu kule wamefukuzwa nyumba zao," akasema.

"Na ndugu zake yeye pia, bwana. Analia akiwa tanurini ili tufikiri ni moshi."

"Mgiriki hapana. Hata punje. Nimeapa."

Nyumba ikawa kimya, na katika ule ukimya nikaisikia, kutoka chungu cha pembeni: puf, puf. Na yeye akaisikia. Nikaona anatazama chungu kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa, kisha anatazama jua limefika wapi. Ile sheria ya kwao, vijana! Akikataa, ya kwake inakufa. Akitoa, amevunja kiapo. Nikamwona amebanwa katikati kama samaki mlangoni mwa wavu.

Adhana ikaita. Akanawa, akaenda kuswali, akaniacha pale na Mama. Sikumgusa. Nilisinzia tu. Aliporudi hakunitazama. Akafunua chungu, akakata donge zuri, kubwa kuliko ngumi. Akalifunga kwa kitambaa cha maji. Halafu akatoka nyuma, akarudi na jani la rehani, akalichomeka ndani ya kitambaa taratibu, kama anamfunga mtoto kifungo cha shati.

Akanitupia mapajani. "Hii takataka. Imezidi. Nenda tupa."

"Nitupe wapi, bwana? Pale shimoni?"

"Wewe mjinga? Pale mbwa watakula. Tupa mbali."

"Mbali wapi?"

Akatazama mlima kwa muda mrefu. Akavuta masharubu.

"Tupa Jinja."

Nikafika mlangoni, akaniita. "Na ukitupa, usiache jua ishike. Na maji ya uvuguvugu, si ya moto. Takataka hii haipendi maji ya moto."

Sikuwa na kikapu. Nikaiweka ndani ya shati, juu ya tumbo, nikafunga mkanda. Mama wa samaki alikuwa anarudi na lori lile lile. Jua likawaka. Nyinyi ni waokaji, mnajua unga ukipata joto la mwili na jua la saa nane unafanya nini. Mimi pia nilijua, lakini ningefanyaje? Tororo nilikuwa na kitambi cha karani. Iganga nilikuwa na kitambi cha mafuta mingi. Tulipokaribia Bugembe nilikuwa nimelala chali, tumbo limepanda kunizidi, vifungo vya shati vinaruka kimoja kimoja, paa! paa!, na mama wa samaki ananishika mkono, "Vumilia, baba. Wa kwanza huwa mgumu."

"Simama hapo!"

Ni yeye. Nikashushwa. Askari wakatazama tumbo. Tumbo likasogea.

"Sajenti! Hii mtu tumbo yake inatembea!"

"Bomu!" akasema mwingine, wakarudi nyuma wote, watatu mtaroni, mmoja mpaka leo sijui aliishia wapi kukimbia. Simama-Hapo peke yake akabaki. Akanyoosha bunduki, akanisukuma tumbo taratibu kwa mtutu. Kifungo cha mwisho kikaruka. Mama akatoka, mweupe, akaushika mdomo wa bunduki akaumeza. Sajenti anavuta, Mama anavuta. Nawaambia, katika utawala ule wote sikuona tena bunduki imenyang'anywa na unga.

Akanusa. Uso wake ukabadilika. Aliijua ile harufu, alikuwa ameila kwa chai.

"Hii... hii iko ile uliyoficha?"

"Ile umekula, afande. Huyu ni dada yake, ametoka Mbale. Bila huyu hakuna mkate wa harusi. Na Kapteni atauliza nani alichoma Mama."

Buti ya gari, vijana, haikuchagua cheo, na sajenti alilijua hilo kuliko mimi. Akachukua chupa yake ya maji, akanilowanishia kitambaa mwenyewe, kidogo kidogo, hata pembeni. Kisha akageukia barabara akapiga kelele, "Ondoa magari! Toka njia! Mgonjwa anapita!"

Nilifika Jinja jua linaelekea ziwani. Yorgo alikuwa amesimama mlangoni, inaonekana tangu alfajiri, maana vumbi lilikuwa limemkalia mabegani. Alichukua kile kitambaa kwa mikono miwili. Akafungua. Akaliona jani la rehani.

"Nani ametoa?" akauliza chini chini.

"Hakuna aliyetoa, bwana. Imetupwa."

"Imetupwa wapi?"

"Hapa."

Mashavu yake yalikuwa yamejaa unga. Yakapata barabara mbili, zikashuka mpaka kwenye masharubu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na kile kicheko kikaingia ndani ya tanuri kikarudi kama Jumapili zile za zamani.

Mikate ya harusi ilivimba, msiniulize. Ilikuwa miepesi mpaka tuliweka mawe juu yake isiondoke na upepo. Bibi harusi aliegemea mmoja akalala wakati wa hotuba. Kapteni alifurahi, na Yorgo alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Wale wazee hawakuzungumza tena mpaka mwisho. Waliondoka nchi hii kila mmoja kwa njia yake, na nasikia kile kisiwa mpaka leo kina waya katikati, na kijiji chao kimoja, chenye kisima kimoja, kiko upande mmoja tu wa waya. Nikisikia hivyo naona ile meza. Ila chachu iliyo kwenye chungu pale nyuma yenu, msiyoipenda kwa sababu inataka kuamshwa kila siku, ni huyo huyo. Mnuseni. Hapendi maji ya moto.

Lakini nimeruka mbele. Jumatatu baada ya harusi, Yorgo alinipa donge kwenye kitambaa, safari hii ndani ya kikapu, amelifunika vizuri. Hakunitazama.

"Hii takataka. Tupa."

"Nitupe wapi, bwana?"

"Wewe unajua."

Nikapanda lori. Hapa Bugembe, Simama-Hapo akasimamisha, akachungulia kikapu, akaruka hatua moja nyuma.

"Tena? Sasa inakwenda wapi?"

"Inatupwa Mbale, afande."

"Ijumaa ilikuwa inatupwa Jinja!"

Basi nikamweleza yote. Kwamba hawa wawili ni maadui. Kwamba wameapa, hawataki kuonana, hawataki hata kutajana majina. Huyu anamtupia yule takataka yake, na yule atamtupia huyu, na inaonekana wataendelea hivyo kila wiki mpaka kufa, na kila mmoja anasisitiza isipigwe na jua.

Sajenti akarudi ile hatua moja. Akatazama kikapu. Akatazama barabara, kule magari yanakotoka na kule yanakokwenda, na wale askari wake ambao yeye mwenyewe usiku alikuwa hathubutu kuwapa mgongo. Akavua kofia, akajikuna kichwa, na neno likamtoka kwa sauti kubwa mpaka lori zima likasikia:

"Sasa adui kama huyo anapatikana wapi siku hizi? Hata kwa magendo!"